Mgunda Mkali Haumo Katika Kompyuta

Rumonge, Burundi
Jumamosi, 14 Juni 2025

Kwa Mkuu wa Chuo,
Bi. Kabula Ngollo,
Chuo cha Ualimu,
Tabora, Tanzania.

YAH: PINGAMIZI DHIDI YA KUHAMISHIA MAKTABA KWENYE PROGRAMU HURIA

Mwanangu Mkuu wa Chuo,

Marahaba. Shikamoo uliyoitanguliza katika barua yako imenifikia ikiwa nzima, ingawa ilikaa mpakani muda mrefu kuliko nilivyokaa mimi mwenyewe.

Leo ninapoandika ni mwaka wa kumi na sita tangu nipande lori pale kambi ya wakimbizi ya Ulyankulu na mizigo yangu, nikavuka kuja nchi ambayo karatasi zinasema ndiyo kwetu. Kabla ya hapo nilikaa Tanzania miaka thelathini na saba, na ishirini na mitatu kati ya hiyo nilikuwa mkutubi wa chuo unachokiongoza. Sihesabu kwa kujigamba. Nataka tu Bodi ijue anayelalamika ni nani.

Umeniuliza swali moja, nami nalirudia ili lisipotee njiani. Bodi ya Chuo itakutana mwisho wa mwezi huu kuamua kama kazi ya kuhamisha katalogi ya maktaba kutoka kwenye kadi kwenda kwenye kompyuta iendelee au isimamishwe. Mwenyekiti amesema haguswi mtu wala rafu mpaka Mzee Nijimbere atoe neno, kwa kuwa ndiye pekee aliye hai anayejua jinsi vitabu vilivyopangwa. Kazi ikisimamishwa, mkataba wa Hafsa, mkutubi wenu kijana anayeifanya, hautaongezwa. Umeniomba nijibu bila kupaka mafuta. Basi najibu: napinga. Sababu zangu ni hizi.

1. Programu hiyo haina salamu.

Wakati wangu, aliyetaka kitabu alipita mezani kwangu. Shikamoo Mzee, marahaba, hujambo, Nzega mvua imenyesha? Imenyesha kidogo tu, Mzee. Na mama, mguu wake unaendeleaje? Tulipofika kwenye kitabu, nilikuwa nimekwisha kujua anakitakia nini, na mara nyingi kilikuwa sicho anachohitaji. Yuko mmoja aliyekuja kutaka kitabu cha saikolojia ya ndoa. Tulipomaliza kusalimiana alitoka na kitabu cha ufugaji wa mbuzi, na ndoa yake ipo mpaka leo.

Sasa nimeifungua hiyo katalogi mpya kwenye simu. Kuna kisanduku cha kuandika unachotafuta, na juu yake maneno haya: "Karibu, Mgeni." Mgeni! Nilipoingia Tanzania mwaka 1972, nikiwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, niliitwa mgeni, na ilikuwa haki, nilikuwa mgeni. Niliporudi huku majirani wakaniita Mtanzania, nalo nimelimeza. Sikutegemea kufikia uzee huu nikaitwa mgeni na droo zangu mwenyewe. Hafsa ananiambia nisiumie, inamwita kila mtu hivyo mpaka ajitambulishe. Nimemjibu kwamba hata mlinzi wa getini hutazama uso kwanza.

Naomba programu ilazimishwe kusema "Mwangaluka", ile salamu ya Kinyamwezi, kila asubuhi, na isifunguke mpaka ijibiwe.

2. Mgunda Mkali haumo.

Wajumbe wapya wa Bodi hawaujui mpangilio wetu, kwa hiyo waisome sehemu hii polepole. Maktaba ilipoanzishwa, vitabu vilishushwa kwenye behewa vikiwa ndani ya makasha, lakini mwongozo wa kuvipanga haukushuka. Mkutubi wa kwanza, marehemu Mzee Nassibu, aliyenifundisha kazi, alikuwa mjukuu wa mpagazi aliyebeba pembe za ndovu begani kutoka Tabora hadi pwani na kurudi na majora ya nguo. Akasema yeye anajua njia moja tu ya kupanga mizigo. Akaipa kila rafu jina la kituo katika njia ya misafara, kuanzia mlangoni kwenda ndani.

Mlangoni ni Bagamoyo: vitabu vyepesi vya mwaka wa kwanza, kwa mtu ambaye bado hajui anakokwenda. Mpwapwa ni Kiingereza, maana hapo ndipo njia inaanza kupanda. Ugogo ni Hisabati. Zamani hapakuwa na msafara uliovuka Ugogo bila kulipa hongo, yaani ushuru wa njia, na sijamwona mwanachuo aliyevuka Hisabati bila kutoa chochote. Ukitoka Ugogo unaingia Mgunda Mkali, lile pori la siku nyingi lisilo na maji, na huko tuliweka Falsafa ya Elimu na Takwimu. Atakayenusurika anafika Kazeh, ndiyo hapo hapo Tabora, palipo na kivuli: Kiswahili, historia, hadithi, na benchi. Uvinza kuna chumvi, basi ni Kemia na mapishi. Mwisho kabisa, penye dirisha, ni Ujiji: dini na atlasi, kwa sababu mtu akifika kwenye maji hutazama ng'ambo.

Kwa mpangilio huo walimu walihitimu kwa miongo, wakaenda kufundisha Isikizya, Igunga, Urambo na kwingineko, na hakuna aliyelalamika kuwa amepotea. Sasa naambiwa programu inataka namba. Kila kitabu namba, tena yenye nukta katikati. Mgunda Mkali umekuwa 370.1. Nauliza Bodi: ni nani aliyewahi kufa kiu katika 370.1?

3. Inapotosha vijana.

Hafsa ana adabu, hilo silikatai. Kwa kuniheshimu alijaribu kuyaokoa majina ya Mzee Nassibu, akayaandika kwenye kisanduku cha "Mahali". Programu, kwa kuwa haijawahi kukanyaga Tabora, ikaelewa kwamba chuo chetu kina matawi saba kuanzia baharini hadi ziwani.

Ndipo kijana Kornel, wa mwaka wa kwanza, mtu wa Bukene, alipotafuta atlasi kwenye simu akajibiwa: "Kipo Ujiji." Huyu kijana kwao treni ni kama baiskeli. Akaenda kwa mwalimu wa zamu kuomba ruhusa ya siku tatu kwenda Ujiji. Mwalimu akainamisha kichwa, akampa pole, akamuuliza ni nani aliyefariki. "Hakuna, Mwalimu, ni atlasi." Mwalimu akadhani Atlasi ni jina la shangazi, akatia saini. Hafsa alipopata habari akapiga simu mbio. Kornel akapokea, nyuma yake behewa linanguruma: "Nimefika Urambo, dada. Niteremke au niendelee?" Hafsa akamwambia atlasi ipo dirishani, nyuma ya kiti alichokalia jana akichaji simu.

Mtasema hata kadi yangu ingesema Ujiji. Ni kweli, ingesema. Lakini nyuma ya kadi nilikuwepo mimi.

Baada ya mkasa huo Hafsa aliyatoa majina yale kwenye kisanduku cha mahali akayapeleka pengine, sijui wapi. Kwa wasafirishaji wa siku hizi mzigo ukipelekwa "pengine" ndiyo umekwenda.

4. Haina mwenyewe.

Nilimuuliza Hafsa ni nani anayetuuzia kitu hiki. Akasema hakuna, ni programu huria: imetengenezwa na watu wa nchi nyingi, hakuna anayeiuza, yeyote anaweza kuitumia, kuifungua tumbo na kuirekebisha, ilimradi aliyoyarekebisha na wengine wayapate. Nikamuuliza, ikiharibika tunamtukana nani? Taasisi yenye heshima lazima iwe na mtu wa kumtukana.

Kuna mabaya zaidi. Mwezi wa Machi programu ilichanganya majina ya waandishi wetu, ikawapanga wote kwa majina ya babu zao. Hafsa akaandika shida yake jioni kwenye jukwaa lao la mtandaoni. Asubuhi akakuta jibu la mwanamke asiyemfahamu, wa nchi ambayo Hafsa ilimbidi aende Ujiji kuitafuta, yaani dirishani. Amemwandikia hatua kwa hatua namna ya kurekebisha, na mwisho akamtakia kazi njema. Hakudai kitu. Hakuuliza hata Tabora iko wapi.

Wahenga walisema rahisi ni ghali, nami kwa umri huu nimejifunza kumwangalia mara mbili anayetoa bila kuomba. Mara ya mwisho kuona jambo la namna hiyo ilikuwa mwaka wetu wa kwanza Ulyankulu, wakati bado ni msitu mtupu. Mama mmoja wa Kinyamwezi alituwekea kapu mlangoni, ndani mna mbegu za mahindi na matobolwa, vile viazi vilivyokaushwa, akaondoka kabla mama yangu hajafunga kanga kutoka nje. Tulimuulizia tumshukuru, hatukumpata. Yapata miaka hamsini jambo hilo linanisumbua, na sioni kwa nini tuliingize ofisini.

5. Haijui kuhesabu.

Nimeletewa takwimu zake. Kitabu kilichoazimwa kuliko vyote mwaka huu ni cha ufugaji wa kuku wa kienyeji. Falsafa ya Elimu, ambayo niliipangusa vumbi kila Ijumaa kwa miaka yote ile, haikuazimwa hata mara moja. Hilo nalivumilia, watu wana njaa. Nisilolivumilia ni kwamba haiwahesabu wanaosoma wakiwa wamesimama.

Nawe, Kabula, ndiye ushahidi wangu. Ulikuja kutoka Igunga, binti mwembamba, unaogopa kuazima kitabu kisije kikapotea bwenini. Basi ulisimama Kazeh, mgongo ukutani, mguu mmoja juu kama korongo, ukasoma riwaya ndefu kuliko zote tulizokuwa nazo, kidogo kidogo, toka masika mpaka kiangazi. Mimi nikajifanya napanga vitabu rafu ya jirani. Siku moja nikakuambia, binti, si ukae kwenye benchi? Ukanijibu: "Nikikaa, Mzee, itakuwa nimeazima." Nimetafuta jina lako humo kwenye mfumo. Halijawahi kuazima kitabu. Naiomba Bodi itafakari kama inafaa chuo kiongozwe na mtu ambaye kompyuta haina ushahidi kwamba anasoma.

6. Umeme ukikatika, inalala. Kadi hazilali. (Hafsa anasema amefunga betri na paneli ya jua. Sikumuuliza.)

7. Inawadhulumu mchwa.

Nakubali kwamba mchwa wamekula droo nzima ya M hadi P. Nimeambiwa hii ndiyo sababu kubwa ya haraka yenu. Lakini mchwa wa Tabora ni wenyeji, wamekuwepo kabla ya reli, na katika miaka yangu yote walikula kwa kiasi, droo moja kwa muongo, tena wakianza na kadi za vitabu ambavyo hata mimi nisingevisoma. Programu hii ikishindwa kuwaka asubuhi moja, itakula droo zote kwa mpigo. Kati ya adui anayekula taratibu ninayemjua na rafiki anayekula haraka nisiyemjua, mtu wa busara anajua la kufanya.

8. Inavipa vitabu haki ambazo watu hawana.

Hili ndilo lililonikosesha usingizi. Kwa kila kitabu programu inadai zijazwe sehemu mbili. Ya kwanza ni "mahali pa kudumu". Ya pili ni "mahali kilipo sasa". Hafsa, ambaye hunipigia simu kila Jumanne kwa kisingizio cha kunisalimia, alifika kwenye vile vitabu vya Kirundi vilivyoletwa chuoni kutoka Ulyankulu shule za kambi zilipofungwa. Vitabu vya kusomea watoto, na katekisimu moja isiyo na jalada. Akaniuliza: "Mzee, hivi niandike vya wapi?" Nikamwambia aandike vipo Tabora. Akasema, "Hiyo ni sasa, Mzee. Nauliza pa kudumu." Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata.

Wajumbe wa Bodi, nimejaza fomu nyingi sana maishani. Za kuingia, za kibali cha kutoka kambini, za kazi, za uraia, za kurudi. Kila moja ilikuwa na nafasi moja tu ya mahali, na nyuma yake karani aliyesema, "Chagua, Mzee, kuna foleni." Sijawahi kuona fomu inayokubali kwamba kitu kinaweza kuwa cha pale na kikawepo hapa, na bado kikawa sawa, hakijapotea, hakijaibwa, hakina kosa. Sasa katekisimu isiyo na jalada imepata heshima hiyo bila kusimama foleni. Naomba iamuliwe moja: ama watu nao wapewe sehemu mbili, ama vitabu virudishwe kwenye moja kama sisi wengine.

Kwa sababu hizo nane, naiomba Bodi isimamishe kazi hii mara moja. Programu iletwe kwanza ikae Tabora mwaka mzima, masika na kiangazi, ijifunze kuamkia. Ikishindikana, iundwe tume ya wazee, nusu yao wawe wasiojua kompyuta ili kuwe na usawa. Na ikiwa bado mnasisitiza kuhama, basi tuhame kwa adabu ya njia: kila mjumbe wa Bodi ajitwishe mzigo wake wa vitabu kichwani, atoke Bagamoyo penye mlango, alipe hongo Ugogo kwa kukokotoa hesabu tatu ubaoni mbele ya wanachuo, avuke Mgunda Mkali bila kunywa maji huku akisomewa Falsafa ya Elimu kwa sauti, na asitue mpaka Ujiji. Mwenyekiti atangulie na ngoma. Watakaofika wakiwa na nia ile ile, waruhusiwe kununua kompyuta.

Nisalimie walimu wote, wapishi, na mlinzi wa getini ambaye naamini bado anatazama nyuso. Msalimie Kornel, mwambie safari si hasara, Urambo nako kuna watu. Wasalimie wajumbe wa Bodi mmoja mmoja kwa majina yao. Mchwa nao wape zangu.

Wako ninayengoja mtandao urudi,

Prosperi Nijimbere
Mkutubi mstaafu

Nyongeza:

Kabula, sehemu hii usiisome mbele ya Bodi mpaka wawe wamemaliza kukubaliana nami.

Nilipokuwa naandika ile sababu ya pili, nilifika Kazeh nikakwama. Nilijua Ujiji ndio mwisho, lakini kati ya Kazeh na Ujiji palikuwa peupe. Niliiona Kemia imesimama uwanjani haina rafu. Rafu hiyo nimeipanga kwa mikono yangu mara nisizoweza kuhesabu, na sikuweza kulikumbuka jina lake. Nilikaa na kalamu mpaka chai ikapoa na mke wangu akaja kuuliza kama naumwa.

Mwisho nikachukua simu, nikaifungua katalogi ya Hafsa, ikaniita mgeni, nikaandika "kemia". Ikatoa namba yake, na chini ya namba, katika sehemu ya maelezo, kumeandikwa: "Rafu ya Uvinza, kwa sababu ya chumvi. Maelezo ya Mzee P. Nijimbere, kwa simu." Kumbe huko ndiko alikoyapeleka majina. Mimi ndiye niliyemwambia hayo, mwezi wa Februari. Nilikuwa nimesahau jina la rafu, na nilikuwa nimesahau kwamba nilimwambia.

Si mara ya kwanza mwaka huu. Daktari wa hapa amelipa jambo hili jina, na jina lenyewe nalo limenitoka. Anasema litakwenda polepole. Hakusema polepole kiasi gani.

Maelezo ya vituo sita yameshaingizwa. Bado Mgunda Mkali, ndio mrefu kuliko yote, na yaliyomo hayapo kwenye kadi yoyote, mchwa wawepo au wasiwepo. Yamo kichwani mwangu, yale yaliyobaki. Kwa hiyo neno langu kwa Bodi, lile wanalolingoja, ni kwamba kazi iendelee, tena iharakishwe. Hafsa aongezewe mkataba. Na asinipigie Jumanne tu. Anipigie kila siku, asubuhi, saa mbili, kabla sijachoka, na nikirudia jambo nililokwisha kumwambia asinikatize, aandike tu tena, kwa kuwa huenda mara ya pili nikaongeza kitu. Hajui kwamba naumwa. Mwambie wewe, kwa namna yako.

Malalamiko yangu yabaki kwenye faili, yote ni ya kweli. Lile la salamu naomba lishughulikiwe.

Tiketi mliyonitumia ya kuja Tabora kwenye uzinduzi wa katalogi nimeiona, na nimefurahi kuona jina langu limechapwa bila kosa. Irudisheni. Wazazi wangu nimewazika huku, na peke yangu sasa sisafiri, mke wangu haniruhusu kufika hata sokoni. Nimekaa na jambo hili wiki nzima ili niliseme nikiwa na akili timamu. Sitarudi Tabora.

P.N.